Malakiti: jiwe la kijani na mzigo wa watu watatu

Wachimbaji wa Kalukuluku, Likasi na Kolwezi bote banajua malakiti. Likiwa safi, kilo 100 za jiwe hili zinabeba shaba kupita kilo 57. Lakini shaba haiko peke yake. Iko pamoja na kaboneti, ni kusema kaboni 1 yenye kushikamana na oksijeni 3. Na hiyo kaboneti ndiyo inasumbua batoto betu ku masomo ya shimi.

Mwalimu anachora ku tablo: oksijeni 2 zinashikwa kwa kifungo kimoja-kimoja, ya tatu kwa vifungo viwili. Ni oksijeni gani inapata kile cha pili? Unaweza kuchora namna 3, na hakuna mchoro unaoshinda ingine. Wengi wanafikiri ni likelemba: leo huyu, kesho ule.

Hapana, vipimo vinakataa. Kifungo kimoja cha kaboni na oksijeni kina urefu wa pikometa 143 hivi. Vifungo viwili, karibu 120. Mu kaboneti vyote 3 viko sawasawa, karibu 129. Ni sawa wachimbaji 3 wenye kunyanyua mufuko moja kwa mara moja: kila mutu anabeba sehemu yake, hakuna anayepumzika. Kaboni na oksijeni zake zimelala bapa, na elekitroni za kifungo pi zinaenea juu na chini yao zote, bila kuwa za mumoja tu. Mmarekani Linus Pauling alieleza jambo hili kwa jina la rezonansi: michoro 3, kitu kimoja.

Faida yake ku nyumba ni nini? Tia tone la asidi ku malakiti, jiwe linatoa povu. Asidi inabandika hidrojeni ku oksijeni, ule ushirika unavunjika, na kaboneti inageuka maji na gazi karboniki. Mausini yanatumia asidi vile vile kwa kutoa shaba mu mawe. Gazi hii haina harufu, ni nzito kupita hewa, inakaa chini. Kwa hiyo musioshe mawe na asidi mu chumba chenye kufungwa ao mu shimo.

Na bamama bauzaji ba mikufu: limau na siki ni asidi pia, zinakula mng'aro wa jiwe. Maji na kitambaa laini vinatosha. Kikombe cha malakiti kisitiwe maji ya limau, juu shaba itaingia mu kinywaji.