HESABU YA WANACHAMA IFANYWE MARA MOJA



Katika tawi letu barua na fomu za chama hutayarishwa katika kompyuta kwa programu iitwayo make. Programu hiyo iliandikwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1976. Kazi yake ni kusoma maagizo yaliyomo katika faili la Makefile na kuyatekeleza kwa utaratibu.

Mwaka jana tulimpelekea mwajiri barua ya kutaka chama kitambuliwe. Barua ilitaja idadi moja ya wanachama, na fomu iliyoambatana nayo ikataja nyingine, tofauti ya watu watatu. Mwajiri alizirudisha zote, akasema hata sisi wenyewe hatujui tuko wangapi. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumeandika hivi:

IDADI = $(shell wc -l < wanachama.txt)

Maneno $(shell ...) huiagiza make iipe sheli, yaani programu inayopokea amri zetu, amri iliyo ndani ya mabano, kisha ichukue jibu. Amri wc -l huhesabu mistari, nasi huandika jina moja kila mstari.

Lakini alama ya = huhifadhi amri yenyewe, si jibu lake. Kila IDADI inapotumika, amri hutekelezwa upya. Barua ilipokwisha kutengenezwa, katibu alikuwa angali akiandikisha wenzetu wa zamu ya usiku, hivyo fomu ikapata hesabu nyingine.

Dawa yake ni kutanguliza nukta mbili:

IDADI := $(shell wc -l < wanachama.txt)

Hapo amri hutekelezwa mara moja tu, make inaposoma Makefile, na jibu hilo hutumika mpaka mwisho wa kazi.

Yatupasa kuangalia na mambo haya. Kwanza, jibu la mistari mingi huunganishwa kuwa mstari mmoja wenye nafasi. Pili, alama ya $ inayohitajiwa na sheli iandikwe mara mbili, $$, la sivyo make itaichukua kuwa yake. Tatu, faili likikosekana make haisimami. IDADI hubaki tupu, na barua hutoka bila idadi. Kwa hiyo tumeongeza ulinzi:

ifeq ($(IDADI),)
$(error Orodha ya wanachama haikusomeka)
endif

Barua ya pili ilikwenda na idadi moja kila ukurasa, na mwajiri akakubali kukaa nasi mezani. Makatibu wa matawi, kabla hamjapeleka barua yoyote, fungueni Makefile zenu mtazame alama hiyo.

Umoja ni nguvu.