Nani anahesabiwa? Tafiti za kifua kikuu na UVIKO-19 duniani (Sehemu ya Pili)

Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19, msafiri aliyetua Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Siku hiyo hiyo, huko Marekani, ilifunguliwa hazina ya maandiko ya kitafiti kuhusu virusi vya korona, ikaitwa CORD-19. Ilianza na makala zipatazo 28,000, nyingi zikiwa za miaka ya nyuma. Ilipofungwa Juni 2022, idadi yake ilikuwa imevuka milioni 1.

Kifua kikuu hakijawahi kuandikiwa kwa kasi hiyo. Robert Koch alitangaza kugundua bakteria wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na madaktari hawajaacha kuandika tangu hapo. Hata hivyo, ukitafuta jina la ugonjwa huu kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za kitabibu ambayo yeyote mwenye simu na bando huifungua bure, utapata makala laki kadhaa tu. Hiyo ni kazi ya vizazi. Korona iliipita ndani ya miaka mitatu.

Hesabu hizi zina mwanzilishi wake. Mwaka 1964, mjini Philadelphia, Eugene Garfield alichapisha faharasa iliyoonyesha kila makala imetajwa na makala zipi nyingine. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta: mtafiti anaandika jina la ugonjwa, anachagua miaka, anaondoa zilizojirudia, kisha anapanga kwa nchi, taasisi na idadi ya kunukuliwa. Ni njia nzuri ya kujua dunia imeweka wapi akili na fedha zake. Shida huanza pale orodha hiyo inapochukuliwa kuwa kipimo cha ugonjwa wenyewe, au cha thamani ya kazi.

Chukua Temeke, wilaya ya Dar es Salaam. Tangu 2013, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Basel, Uswisi, wamekuwa wakifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wilayani humo na kukusanya makohozi yao. Mwaka 2023 jarida la PLOS Pathogens lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya bakteria kutoka kwa wagonjwa 1,082 wa Dar es Salaam. Matokeo yake yanashangaza: kifua kikuu kinachozunguka jijini kinatokana zaidi na koo za bakteria zilizoingia nchini kutoka sehemu mbalimbali za dunia katika miaka 300 iliyopita. Bandari na biashara zimeacha alama hata ndani ya mapafu ya watu. Kwenye jedwali la hesabu, kazi hiyo ya miaka mingi ni makala moja tu. Tanzania inapewa moja na Uswisi inapewa moja, ingawa waliokohoa ni wakazi wa Dar es Salaam.

Mfano mkubwa zaidi ni wa zamani. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa ushirikiano na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia. Kuanzia 1982 wagonjwa walianza kupewa dozi fupi ya miezi 8, wakisimamiwa na wahudumu, na kila mgonjwa akaandikwa kwenye rejista hadi mwisho wa tiba. Rejista hizo za wilayani zilionyesha kwamba nchi maskini inaweza kuponya wagonjwa wake wengi. Shirika la Afya Duniani lilijenga juu ya msingi huo mkakati wa DOTS katika miaka ya 1990, ukaenea duniani. Makala zilizotoka katika kazi hiyo hazikuwa nyingi. Waliopona ni mamilioni.

Kwa upande wa pili, tarehe 22 Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Tarehe 4 Juni makala ikafutwa, kwa kuwa takwimu zake hazikuweza kuthibitishwa. Nayo ilinukuliwa mno.

Ukimya nao hupotosha hesabu. Mwaka 2020 Tanzania iliacha kutangaza takwimu za korona ikiwa imefikisha wagonjwa 509 na vifo 21, na haikurejea hadi 2021. Asiye na takwimu ataandika nini? Uchache wa makala za nchi katika kipindi kile haukuwa ushahidi wa uchache wa wagonjwa.

Wakati kalamu zilipohamia korona, kifua kikuu hakikupumzika. Duniani, waliogunduliwa na kuandikishwa walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Wengine walibaki majumbani wakiambukiza. Mwaka 2023 kiliua watu wapatao milioni 1.25, kikarudi kileleni mwa magonjwa ya kuambukiza yanayoua.

Mkazi wa Mbweni, Dar es Salaam, anayeingia mjini kwa Barabara ya Bagamoyo hupita kando ya Mikocheni, zilipo ofisi za Taasisi ya Afya Ifakara, kisha kituo cha Sayansi, Kijitonyama, ilipo Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Tume hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, inapaswa kuuliza matokeo mangapi yamefika zahanati za Bunju na Mbagala, kabla ya kuuliza makala ngapi zimechapishwa. Na msomaji anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asisubiri utafiti mwingine: vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.