Likizo ya Mgeni wa Juba: Aende Wapi?

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tumezoea kuitumia tunapotaka kumkumbusha mgeni wajibu wake wa kufanya kazi, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini iko siku moja ambayo methali haikuitaja, nayo ni ile siku mgeni anaporuhusiwa kuliweka jembe chini. Akiwa na siku zake kumi au kumi na nne za likizo, aende wapi?

Katika mji wa Juba, makao makuu ya Sudan Kusini, swali hili huwakabili wana wengi wa Afrika Mashariki: waashi, madereva, wauguzi, wahasibu, wapishi, wafanyabiashara na watumishi wa mashirika ya kimataifa. Kwa wengi huonekana kuwa ni swali la nauli tu. Sisi tunaona kuwa ni zaidi ya nauli, kwa sababu jibu lake huonyesha kama mtu ameishi katika nchi ya watu, ama amechuma tu akaondoka.

TULIVYOFIKA

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi tulivyofika. Vita vilivyoanza mwaka 1983 baina ya serikali ya Khartoum na wapiganaji wa kusini vilimalizwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mjini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Juba, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kama ngome iliyozingirwa, ikafunguka. Walifika wenye mashirika ya misaada, wakafuatwa na wenye malori, kisha mafundi wa kila aina. Mahoteli ya mwanzo yalikuwa mahema na makasha ya chuma yaliyopangwa kandokando ya Mto Nile. Benki ya KCB ya Kenya ilianza kazi mwaka 2006. Uhuru ukapatikana tarehe 9 Julai 2011, na mwaka uliofuata ikakamilika barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba mpaka Nimule, penye mpaka wa Uganda. Nyanya, vitunguu, mayai na ndizi za Uganda zikawa zinafika soko la Konyo Konyo kwa saa chache.

Basi, tulikuja kwa sababu palikuwa na kazi, na kazi tumefanya. Mwenye kujenga amejenga na mwenye kuuza ameuza. Hapana aibu katika hilo. Lakini wenyeji nao wana macho. Mwaka 2014 ilitoka amri ya serikali kwamba mashirika na makampuni yawaondoe wageni katika kazi nyingi ili wenyeji washike nafasi zao. Amri hiyo ilizusha kelele kubwa, na haukupita muda ikarudishwa nyuma. Hata hivyo ilitufunulia manung'uniko yaliyokuwa mioyoni: kwamba mgeni anakula hapa, halafu shukrani na fedha zake zote anazipeleka kwingine.

NJIA YA NYUMBANI

Kwa mfanyakazi wa kawaida, njia ya kwanza ya likizo ni ya nyumbani, wala hatuwezi kumlaumu. Mke au mume yuko kule, watoto wako kule, na wazazi wanazeeka. Mwenye fedha hupanda ndege na kufika Entebbe kwa muda wa saa moja hivi. Asiye nazo hupanda basi, akavuka Nimule, akalala njiani akiwa ameketi.

Tulipata kuzungumza na mwashi mmoja kutoka magharibi ya Kenya, ambaye kwa miaka saba amekuwa akipanda basi hilo mara moja kila mwaka. Alituhesabia mahali anapopajua Juba: mahali pa ujenzi, chumba chake cha kupanga mtaa wa Gudele, duka la kutumia fedha nyumbani, na kituo cha mabasi. Tulipomwuliza habari za mto, alijibu kwamba huuona anapovuka daraja. Kisha akatueleza jambo lililotugusa. Katika likizo yake iliyopita, binti yake wa shule ya msingi alimwuliza, "Baba, Juba kukoje?" Mwenzetu alifikiri sana, halafu akajibu, "Kuna joto."

Miaka saba, na habari yote ikawa ni joto. Hatusemi haya kwa kumcheka, maana wengi wetu tungejibu vivyo hivyo. Isitoshe, likizo ya nyumbani aghalabu huwa si mapumziko. Mtu hufika akakuta karo, paa linalovuja, mgonjwa wa ukoo, na jamaa wanaoamini kwamba aliyetoka ng'ambo ana hazina isiyokwisha. Siku ya kurudi hukopa nauli. Huyo amekwenda kufanya kazi ya pili, kisha anarudi kwenye ya kwanza.

NJIA YA STAREHE

Njia ya pili ni ya wale wanaolipwa kwa dola. Mashirika kadhaa huwapa watumishi wao mapumziko kila baada ya majuma kadhaa, kwa kuwa Juba huhesabiwa kuwa kituo kigumu. Hao utawasikia wakishauriana: safari hii Zanzibar, ijayo Addis Ababa, halafu Dubai. Bahari ya Zanzibar ni nzuri, nasi wenyewe hatuchoki kuisifu. Lakini safari za namna hiyo, zikiwa ndizo pekee, humfundisha mtu kuihesabu Juba kama kifungo kinachokatwa vipande vipande, na kila uwanja wa ndege kama mlango wa gereza.

Tena tusisahau kwamba mwenyeji anayefanya kazi kwenye meza ya jirani hana njia hiyo. Paundi ya Sudan Kusini ilipozaliwa mwaka 2011, dola moja ilibadilishwa kwa paundi zipatazo 3. Miaka ya karibuni dola hiyo hiyo imehesabiwa kwa maelfu ya paundi. Mtumishi anayelipwa kwa paundi, tena wakati mwingine mshahara ukachelewa kwa miezi, atamsikilizaje mwenzake anayelalamika kwamba hoteli ya pwani haikuwa na upepo wa kutosha?

NJIA ISIYOPITWA NA WENGI

Iko njia ya tatu, iliyo karibu mno kiasi kwamba wengi hawaioni. Nayo ni kuitembelea nchi ya mwenyeji wako.

Tuanzie mlangoni. Ng'ambo ya mto, karibu na Juba, ndiko Gondokoro. Mwezi wa Februari mwaka 1863 waliingia hapo Waingereza Speke na Grant, wakitokea Zanzibar kwa miguu. Vitabu vingi husimulia habari zao. Lakini aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa msafara wao ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa India, kisha akarejea Zanzibar akiwa mtu huru. Yeye na wenzake walipita Tabora, Karagwe na Buganda mpaka wakafika hapa, wakaendelea kuufuata Mto Nile hadi Cairo kabla ya kurudishwa kwao kwa njia ya bahari. Kwa hiyo mgeni wa Afrika Mashariki anayedhani kwamba wa kwetu walianza kufika huku mwaka 2005 amekosea kwa zaidi ya miaka 140. Mtu akipanda mashua siku ya Jumapili kwenda kisiwa cha Gondokoro, afahamu kwamba yuko jirani na nyayo hizo.

Mjini penyewe lipo kaburi la Dakta John Garang, kiongozi wa SPLM, aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005, majuma matatu tu baada ya kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Katika ujana wake alipata kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Magharibi ya mji unasimama mlima wa Jebel Kujur. Kaskazini, kuelekea Terekeka, ndiko kwa Wamundari na ng'ombe wao wenye pembe ndefu mno. Jioni huwasha mioto ya samadi ili moshi ufukuze mbu, na majivu yake hujipaka wao na kuwapaka ng'ombe. Kusini, huko Nimule, ipo hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1954, penye tembo, viboko, na maporomoko ya Fula ambamo Nile hupita kwa kishindo.

Na mashariki ya Nile kuna jambo ambalo sisi tuliozoea kujivunia Serengeti hatuna budi kulisikia kwa adabu. Hesabu ya wanyama iliyofanywa kwa ndege mwaka 2023, na kutangazwa mwezi Juni 2024, ilikadiria kwamba swala na jamii zao wanaohama kupitia mbuga za Boma na Badingilo na nchi zinazozizunguka wanakaribia milioni 6. Hakuna uhamaji mkubwa zaidi wa wanyama wa nchi kavu unaojulikana duniani. Watu wangapi wamefanya kazi Juba miaka kumi bila kujua?

TAHADHARI

Hatumwambii mtu ajitupe barabarani kama kipofu. Nchi hii imepigana yenyewe kwa yenyewe tangu Desemba 2013. Mapigano yakarudi Juba Julai 2016. Na ingawa mkataba wa amani ulitiwa sahihi Septemba 2018, mwaka 2025 uliona vita vikizuka tena sehemu kadhaa, na Makamu wa Kwanza wa Rais, Riek Machar, akizuiliwa nyumbani kwake. Barabara ya Nimule yenyewe imepata kumwagika damu. Mwaka 2021 madereva wa malori kutoka nchi jirani waligoma kuingia baada ya wenzao kuuawa.

Kwa hiyo, mwenye kusafiri aulize kwanza, na amwulize aliyetoka huko leo, si aliyetoka mwaka jana. Asafiri mchana. Achukue hati zake zote. Asipige picha bila kibali, maana kamera imewatia wengi matatani. Akumbuke kwamba mvua zikishika, barabara ya udongo hugeuka tope lisilopitika kwa siku nyingi. Akiambiwa "safari hii usiende," asiende, bali ashinde sokoni. Soko nalo ni safari.

SOKONI

Sokoni ndiko tulikopata fundisho letu kubwa. Tulikuwa Konyo Konyo tukinunua samaki, tukijikaza kusema Kiarabu cha Juba. Si lugha ngumu kwa Mswahili, kwani sukari ni sukar, samaki ni samak, na duka ni dukan. Mama muuzaji alitusikiliza kwa subira, kisha akatujibu kwa Kiswahili safi: "Semeni tu, ndugu zangu. Mimi nimekulia Kakuma."

Tukanyamaza. Kambi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana na familia waliokimbia vita vya Sudan. Maelfu ya wengine walikimbilia Uganda, wakasoma huko, wakaoa huko, wakazika huko. Na kabla ya hapo, baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wengi wa Nile Magharibi ya Uganda walikimbilia kusini mwa Sudan, wakapewa ardhi na mbegu. Katika sehemu hizi mgeni na mwenyeji wamebadilishana viti mara nyingi. Mama yule alijua miji yetu, nyimbo zetu na bei ya unga wetu. Sisi tulikuwa hatujui kijiji chake kiko upande gani wa mto. Tukamwuliza, naye akatueleza. Tulipoondoka tulikuwa tumekwisha alikwa.

Wenzetu waliokuwapo Juba mwezi Julai 2016 walitusimulia umuhimu wa jambo hili. Jeshi la Uganda lilituma msafara kuwachukua raia wake kwa barabara ya Nimule. Lakini kabla msafara haujafika zilipita siku za risasi, na katika siku hizo mtu aliyekuwa na jirani aliyemjua kwa jina alikuwa na mahali pa kubisha hodi. Aliyejua njia ya kazini na ya uwanja wa ndege peke yake, zote mbili zilikuwa zimefungwa.

SHAURI LETU

Basi shauri letu ni hili. Nyumbani tuende, maana mwacha asili ni mtumwa. Mwenye uwezo wa kwenda pwani kupunga upepo, na aende. Lakini katika kila mwaka tuitengee nchi iliyotupa kazi siku zake: safari moja kama njia ni salama, na Jumapili kadhaa kama si salama. Tangu mwaka 2016 Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja nasi. Marais walitia sahihi, lakini undugu hautiwi sahihi na marais peke yao.

Yule mwashi tulionana naye tena kabla hatujaondoka. Jumapili moja alikuwa amevuka mto kwa mashua pamoja na kijana mwenyeji anayemsaidia kuchanganya saruji, wakashinda kwao, wakala samaki na kisra. Alituambia kwamba basi lake ni la Desemba, na kwamba safari hii, binti yake akimwuliza Juba kukoje, atamtaka aketi chini kwanza.