Kidonda cha sezariene kinalindwa tangu mbele ya kupasuliwa



Mama wa kikundi chetu akirudi kutoka maternite na mtoto mkononi, tunashangilia. Kama amezaa kwa sezariene tunampa pole na hongera kwa pamoja, tunampelekea chakula, kisha kila mmoja anarudi kwenye kazi yake. Hapo ndipo hatari inapoanza. Siku ya tano, ya saba au ya kumi, kidonda kinaanza kuuma upya, mwili unapata homa, nguo inalowa maji yenye harufu. Wengine wanaficha kwa sababu ya haya. Wengine wanaficha kwa sababu deni la hospitali halijaisha na wanaogopa kurudi kule. Uambukizo ukishuka ndani unaweza kuharibu kizazi, na ukiingia katika damu unaweza kuua.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba katika Afrika, hadi wanawake 20 kwa kila 100 wanaozaa kwa sezariene wanapata uambukizo wa kidonda. Mengi ya maambukizo hayo yanazuilika. Tuone kazi ya hospitali ni ipi, na kazi yetu ni ipi.

Mbele ya operesheni

Kama sezariene imepangwa siku, mama aoge mwili mzima kwa sabuni, usiku wa kuamkia siku hiyo au asubuhi yake. Sabuni ya kawaida inatosha. Avae nguo safi.

Asijinyoe nywele za chini kwa wembe. Wengi wetu tunafanya hivyo tukidhani ni usafi, lakini wembe unaacha mikato midogo isiyoonekana, na kila mkato ni mlango wa mikrobe. OMS inashauri nywele ziachwe kama zilivyo. Zikizuia kazi, wauguzi wazipunguze kwa mashine ya kukata nywele, si kwa wembe.

Kuna matayarisho ya mbali zaidi. Mama mwenye damu kidogo, au mwenye ugonjwa wa sukari usiotibiwa, kidonda chake kinachelewa kupona na kinaambukizwa kwa urahisi. Ndiyo sababu hatuchoki kuwakumbusha kwenda CPN mapema. Vipimo vya kule vinalinda mtoto, na vinalinda pia tumbo la mama kama litapasuliwa.

Dawa moja kwa saa yake

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Antibiotiki ya kuzuia uambukizo inatolewa mbele ya kisu kugusa ngozi. Inachomwa katika mshipa ili, daktari anapopasua, dawa iwe imekwisha kuenea mwilini na inangojea mikrobe mlangoni. Ikitolewa mapema sana, inapungua nguvu. Ikitolewa nyuma ya operesheni, mikrobe imekwisha kuingia.

Kwa sezariene ya kawaida, dozi hiyo moja inatosha mara nyingi. OMS inashauri dawa ya kuzuia isiendelezwe kwa siku nyingi kisha operesheni kumalizika, kwa sababu haiongezi ulinzi, inakula makuta ya jamaa, na inafundisha mikrobe kuzoea dawa. Siku mama atakapougua kweli, dawa ileile inaweza kumshinda. Lakini tusikosee: kama uambukizo upo tayari, au daktari ameona sababu nyingine, ataandika dawa za siku kadhaa. Hizo zimezwe zote mpaka mwisho, hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Kwa hiyo jamaa inaweza kuuliza kwa heshima: « Daktari, mama yetu atachomwa antibiotiki mbele ya kupasuliwa? » Hilo si swali la kumgombeza mtu. Katika orodha ya usalama ambayo OMS ilitoa mwaka 2008 kwa vyumba vya operesheni, wafanyakazi wenyewe wanatakiwa kuulizana jambo hilo kwa sauti.

Ndani ya chumba cha operesheni

Huko hatuingii, lakini ni vizuri kujua. Daktari na wasaidizi wake wanasugua mikono, ngozi ya tumbo inapakwa dawa ya kuua mikrobe, vyombo vinachemshwa kwa mvuke wenye nguvu, na mama analindwa asipate baridi.

Mwaka 2022 kulitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7, na jirani zetu wa Rwanda walikuwamo. Watu zaidi ya 13,000 walifuatwa, waliopasuliwa tumbo kwa sababu zisizo za kuzaa. Pale ambapo wafanyakazi walibadilisha glavu na kuchukua vyombo vingine safi mbele ya kushona tumbo, maambukizo yalishuka kutoka karibu watu 19 kwa 100 hadi 16. Ni kitendo kidogo, lakini kimeokoa wengi na taabu. Hospitali ikituomba kununua glavu za ziada, tusidhani kila mara ni wizi.

Nyumbani

Kazi kubwa ni yetu hapa. Anayemhudumia mama anawe mikono kwa sabuni mbele ya kugusa kidonda. Bandeji isifunguliwe mbele ya siku aliyosema muuguzi. Mama anapoambiwa anaweza kuoga, atumie maji safi na sabuni, bila kusugua, kisha akaushe kidonda taratibu kwa kitambaa safi kilichokauka juani.

Tusitie majani, majivu, mafuta, wala unga wa vidonge vilivyopasuliwa. Unga ule hauponyeshi kidonda, unakichafua. Na mama wakubwa, tunawasihi kwa heshima: desturi ya kumkanda mzazi tumbo kwa maji ya moto isimguse mama aliyepasuliwa.

Asibebe bidoni la maji wala kitu kizito kuliko mtoto wake. Ale vizuri: maharagi, sambaza, mayai, sombe na lengalenga. Mwili unashona kidonda kwa chakula.

Alama za kurudi hospitali siku hiyohiyo

- Homa au kutetemeka.
- Kidonda chekundu, cha moto, kilichovimba, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua.
- Usaha, au maji yenye harufu mbaya.
- Mshono unaoachana.
- Uchafu wenye harufu mbaya unaotoka ukeni, au tumbo la chini kuuma sana.

Tuangalie alama hizi kwa siku 30. Tusipitie kwanza farmasi kununua antibiotiki kwa kukisia. Inaweza kutuliza homa siku mbili huku usaha unaendelea ndani.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, kila mama aliyepasuliwa apewe wenzake wawili wa kumtembelea siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne kisha kutoka hospitali. Wamteke maji, wamuulize juu ya kidonda bila haya, na wamsindikize akiwa na alama yoyote.

La pili linahusu makuta. Vikundi vyenye MUSO vina sanduku jekundu kwa ajili ya shida za ghafla. Tukubaliane katika mkutano kwamba kurudi hospitali kwa sababu ya kidonda ni shida ya sanduku jekundu, na kwamba mama hangojei siku ya mkutano ili asaidiwe. Vikundi vya likelemba vinaweza kutenga kiasi kidogo kila juma kwa kazi hiyo.

Mama mwenye deni asiogope kurudi peke yake. Tuende naye, tuongee na hospitali pamoja. Deni linaweza kulipwa polepole, usaha haungojei.