Ulemavu Usifiche Ugonjwa

Mtu aliyeumia uti wa mgongo anapofika kituo cha afya akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, mara nyingi kinachoonekana kwanza ni kiti mwendo chake. Anaambiwa kwamba kwa hali yake maumivu ni jambo la kawaida, kisha anapewa dawa ya kutuliza na kurudishwa nyumbani. Kuihusisha dalili mpya na ulemavu wa zamani bila uchunguzi ni ubaguzi, hata pale unapofanywa kwa upole.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila watu sita, wana ulemavu mkubwa, na kwamba baadhi yao hufariki hata miaka 20 mapema kuliko wasio na ulemavu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haitokani na ulemavu wenyewe. Hutokana na vikwazo: ngazi zisizo na njia mbadala, vitanda vya uchunguzi visivyopandika, taarifa zisizofikika, umaskini, na dhana potofu za jamii na watoa huduma.

Kwa nini kosa hili ni la hatari?

Turudi kwa yule mgonjwa. Aliyeumia kwenye pingili ya sita ya mgongo wa kifuani au juu yake anaweza kupatwa na hali iitwayo disrefleksia. Kibofu kikijaa, choo kikikwama au kidonda kikitonesha ngozi chini ya jeraha, taarifa hukatika njiani bila kuufikia ubongo kikamilifu. Mishipa ya damu hubana, shinikizo la damu hupanda ghafla, kichwa hugonga, na uso huiva na kutoka jasho. Asipohudumiwa haraka, mgonjwa aweza kupata kiharusi au kufariki.

Vipimo navyo huweza kumpotosha mtoa huduma. Watu hawa huwa na shinikizo la chini. Kipimo cha juu huwa kati ya 90 na 110. Hivyo 130, ambayo kwa mwingine haishtui, kwao yaweza kuwa ishara ya dharura. Aketishwe wima, nguo zinazobana zilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe kama umekunjika au kuziba, kisha choo na ngozi vichunguzwe, huku shinikizo likipimwa kila baada ya dakika chache. Lisiposhuka, dawa ya kulishusha itolewe.

Mara nyingi mgonjwa huyu ameishaipitia hali hiyo na anaijua. Kumuuliza, “Shinikizo lako huwa ngapi?” ni sehemu ya uchunguzi.

Ubaguzi usio na matusi

Mhudumu huweza kumuuliza msindikizaji, “Anaumwa nini?” ilhali mwenye maumivu ameketi mbele yake. Mwenye mtindio wa ubongo anayesema kwa taabu hudhaniwa hana akili timamu. Kiziwi hutiwa saini ya upasuaji na ndugu yake, bila mkalimani wa lugha ya alama. Asiyeona hukabidhiwa pakiti mbili za vidonge zinazofanana. Mjamzito mwenye ulemavu huulizwa nani alimpa mimba, swali ambalo wenzake kwenye foleni hawaulizwi.

Wahenga walisema, “Kabla hujafa hujaumbika.” Methali hiyo hutuonya tusimcheke mwenzetu, lakini huruma haitoshi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unadai katika kifungu cha 25 huduma yenye ubora uleule, itolewayo kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilifuata.

La kufanya

Mtoa huduma: zungumza na mgonjwa, si msindikizaji, omba ruhusa kabla ya kugusa mwili au kiti chake, na jiulize, “Dalili hii ningeichunguzaje kwa mtu asiye na ulemavu?”

Mgonjwa: andika hali yako ya kawaida, dawa unazotumia na dalili zako za hatari, ukae na karatasi hiyo daima. Ukiambiwa maumivu ni ya ulemavu wako, una haki ya kuuliza, “Mmejuaje?” Swali hilo si utovu wa adabu, laweza kuokoa uhai.