Je, Wajua? Gari Linalovuta Boti Kilwa Halitakiwi Kugusa Bahari

Boti ya faiba yenye urefu wa mita saba, ukijumlisha mashine yake, mafuta, nyavu, sanduku la barafu na tela la kuibebea, hufika tani mbili bila shida. Mzigo huo ukiwa kwenye lami tambarare kati ya Nangurukuru na Kilwa Masoko, gari hulivuta tela kwa nguvu inayolingana na kunyanyua kilo 30 tu. Mzigo uleule ukiteremshwa kwenye mchanga mkavu wa ufukweni, nguvu inayotakiwa hupanda hadi ile ya kunyanyua kilo 400, na mchanga ukiwa tifutifu zaidi hufika 600. Boti haijaongezeka uzito hata kidogo. Kilichobadilika ni ardhi. Mazungumzo kuhusu gari la kuvuta boti katika pwani yetu ya kusini yangepaswa kuanzia hapo, lakini mara nyingi huanzia kwenye injini: ina lita ngapi, ina turbo au haina, ina nguvu za farasi ngapi. Ninashikilia kwamba karibu injini yoyote nzima ya dizeli ya pikapu ya kawaida inatosha kwa kazi hii. Kinachoamua kama gari litadumu ni mahali magurudumu yanapokanyaga, na mahali chumvi inapopata njia ya kuingia. Mwenye kulipanga hilo vizuri anaweza kuvuta boti yake miaka mingi bila tairi la gari kugusa maji ya bahari.

Suala hili lina uzito leo kuliko zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari lililotoka Dar es Salaam kuja kusini lilipaswa kuvuka Mto Rufiji kwa kivuko, na boti ndefu juu ya tela ilikuwa mzigo wa kuogopesha. Sasa boti hupita juu ya daraja. Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za faiba kwa mikopo isiyo na riba, na Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko. Kadiri boti za faiba zinavyoongezeka, ndivyo wanavyoongezeka wanaotaka kuzitoa majini ili kuzisafisha, kuzitengeneza, au kuziweka mbali na dhoruba.

Kwanza tuione injini yenyewe, maana inastahili sifa zake. Mjerumani Rudolf Diesel alifanikiwa kuifanyisha kazi mjini Augsburg mwaka 1897, na kanuni yake haijabadilika. Hewa huingizwa kwenye silinda na kubanwa mara 15 hadi 20 ya ujazo wake, mpaka joto lake linapita nyuzi 500 za selsiasi. Mafuta yakirushwa humo huwaka yenyewe. Plagi ya kuwasha haihitajiki. (Ndiyo maana gesi ya Songo Songo, ambayo tangu 2004 husafiri kwa bomba kupitia Somanga hadi Dar es Salaam na huko sasa inaendesha magari, haiwezi kumiminwa tu kwenye injini ya dizeli: bila plagi, na bila dizeli kidogo ya kuianzishia moto, haiwaki.) Injini ya dizeli huvuta hewa kamili katika kila mzunguko, na dereva akikanyaga mafuta anachoongeza ni dizeli. Kwa hiyo hata ikizunguka polepole husokota shafti kwa nguvu nyingi, na msokoto huo wa mwendo wa chini ndio unaoondoa mzigo mahali uliposimama.

Chukua injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua nje ndani. Ilianza kutumika mwaka 1990. Ina silinda sita, lita 4.2, haina turbo, na msokoto wake wa juu ni nyutonimita 285 ikizunguka mara 2,200 kwa dakika. Ikilinganishwa na injini za leo hiyo si namba ya kujivunia. Lakini ukiweka gia ya kwanza pamoja na gia nzito ya kuvutia magurudumu yote manne, msokoto huzidishwa zaidi ya mara 40 kabla haujafika kwenye tairi. Piga hesabu, toa kinachopotea njiani, na bado magurudumu yanapata nguvu ya kuvuta inayozidi tani mbili na nusu. Sasa weka gari la tani mbili na tela la tani mbili kwenye mchanga wenye mwinuko wa mita moja kwa kila mita saba. Mchanga unadai karibu kilo 800, mwinuko unadai kilo 570. Jumla ni pungufu ya tani moja na nusu. Injini ya zamani isiyo na turbo ina akiba ya tani nzima.

Mbona basi magari yenye injini hizo hukwama ufukweni? Kwa sababu nguvu ya injini haifiki ardhini ila kwa idhini ya mchanga. Tairi kwenye mchanga, likifanya vizuri, husukuma kwa takribani nusu ya uzito linaoubeba. Gari la tani mbili linalovutwa na magurudumu yote manne linaweza kusukuma kama tani moja, nayo haitoshi kwa kazi inayodai karibu tani moja na nusu. Likiwa linavuta kwa magurudumu ya nyuma pekee, na kichanja kitupu, halifiki hata nusu tani. Dereva akiongeza mafuta hapo, tairi linachimba. Ukimpa injini yenye msokoto maradufu, litachimba haraka zaidi. Kupunguza upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 18 husaidia, maana tairi hutanuka na kukanyaga eneo kubwa, ila ujazwe tena kabla ya kurudi lamini.

Dawa iko juu ya ufukwe. Gari likisimama kwenye moramu iliyoshindiliwa, tairi hushika kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na gari lenyewe halizami. Tela libaki chini peke yake, liunganishwe na gari kwa kamba nene ya mita 30 au 40. Sasa kazi ni kuvuta tela tu: kilo 400 za mchanga na kama 290 za mwinuko. Na kwa mabaharia waliozoea kapi na gofia za kupandishia tanga, hesabu inaweza kushushwa tena. Kapi hufungwa kwenye mkono wa tela, ncha moja ya kamba ikafungwa kwenye shina la mti imara, ikapita kwenye kapi na kurudi hadi kwenye gari. Gari litatembea mita mbili kwa kila mita moja ya boti, lakini litavuta kilo 350 na ushee badala ya 690. Hiyo ni kazi ya pikapu ndogo kuukuu. Watu wakae mbali na kamba iliyokaza, kwa kuwa ikikatika hupiga kama mjeledi na inaweza kuua. Na wakati uchaguliwe kwa mwezi. Katika pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita tatu. Yakipwa huacha tambarare ndefu ya tope na utelezi wa mwani, yakijaa hufika karibu na ardhi ngumu. Siku za bamvua kujaa huko huangukia karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Boti ikitolewa wakati huo, njia ya mchanga huwa fupi kabisa.

Sababu kubwa zaidi ya kuliacha gari juu ni chumvi. Kila lita ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, na maji hayo hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, jambo linaloharakisha kutu kwenye chuma. Beringi za tela huumia kwa namna ya pekee. Baada ya mwendo wa lami kutoka Nangurukuru, haba zake huwa za moto na hewa iliyomo imetanuka. Zikizamishwa ghafla, hewa hiyo husinyaa na kufyonza maji ya chumvi kupitia sili. Grisi hugeuka rangi kama maziwa, na wiki chache baadaye beringi inasaga kando ya barabara. Tela likiachwa lipoe kwanza, kisha likaoshwa kwa maji baridi na kuongezwa grisi, huishi muda mrefu. Tela ni rahisi kulitengeneza. Fundi wa kuchomelea aliyepo Kilwa Masoko au Lindi hulimaliza. Gari ni jambo jingine. Ekseli ya nyuma, gia boksi na difu zina matundu ya kupumulia ambayo hufyonza maji kwa kanuni ileile, na chesesi ina uwazi ndani ambao maji hupata kuingia na hakuna mpira wa maji unaoweza kuufikia.

Wapo watakaosema injini mpya ni bora kwa kila kitu, na kwa upande wa barabara wana haki. Hilux ya lita 2.8 iliyoboreshwa mwaka 2020 ina msokoto wa nyutonimita 500, inakula mafuta kidogo kwa kazi ileile, na mamlaka ya udhibiti, EWURA, inapotangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mwenye 1HZ anahisi uchungu wa lita zake 4.2. Anayepeleka boti Dar es Salaam mara kwa mara, takribani kilomita 300, achukue gari jipya na asijutie. Lakini nozeli za injini hizo hurusha dizeli kwa mgandamizo unaozidi mara 1,600 ya ule wa hewa tunayovuta, kupitia vitundu vyembamba mno. Tone la maji kutoka kwenye dumu lililoachwa wazi ufukweni linaweza kuziharibu, na kuzipima kunahitaji mashine maalumu. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Wakati kama huo, gari ambalo fundi wa mtaani anaweza kulifungua kwa spana na kulirudisha barabarani lina thamani ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya muuzaji. Kwa anayeishi na kufanya kazi Kilwa, mimi ningechagua injini ya zamani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mvuvi hahitaji kabisa gari la kuvuta boti: boti hukaa dikoni, na ikibidi kusafirishwa hukodiwa Fuso. Kwa mwenye boti moja hilo ni kweli, na asikope kwa ajili ya fahari. Gari linaanza kulipa pale linapofanya kazi siku ambazo halivuti boti, yaani kupeleka barafu, kuchukua pweza na samaki, kuleta mbao na mafuta. Kwa hiyo lichaguliwe kwa kazi hizo za kila siku, na kuvuta boti kuwe nyongeza. Ila barafu iliyoyeyuka juu ya samaki nayo ina chumvi. Ikivuja kwenye kichanja kila siku, hula bodi kimyakimya sawa na bahari, hivyo turubai zito au sanduku lisilovuja ni sehemu ya bei ya gari.

Barabarani, hofu ihamie kwenye breki. Katika masoko mengi Hilux ya kisasa huruhusiwa kuvuta tela la kilo 3,500 lenye breki zake, lakini lisilo na breki ni kilo 750 tu. Tela nyingi zinazoundwa mitaani hazina breki. Nishati iliyomo kwenye mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: tani mbili zikienda kilomita 80 kwa saa zina nishati mara mbili na nusu ya zikienda 50. Boti pia ipangwe ili takribani sehemu moja ya kumi ya uzito ilalie kwenye ndoano ya gari. Mashine ikizidi kulemea nyuma, tela huanza kuyumba na kulivuta gari kushoto na kulia. Bila breki za tela, boti ya tani mbili isisafirishwe nyuma ya pikapu kwenye barabara kuu. Ipakiwe kwenye lori.

Na unapokwenda kununua pikapu iliyotumika katika miji ya pwani, iache injini kwanza hata ikilia vizuri namna gani. Lala chini ya gari, nyuma ya ekseli ya nyuma, shika nyundo ndogo na ugonge chesesi pole pole kuanzia kwenye vishikizo vya springi kwenda mbele. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kikitoa mlio butu, au kutu ikidondoka kwa magamba, hapo palipakwa rangi ili pasionekane. Rudisha nyundo, mshukuru mwenye gari, na utafute jingine.