Mashine ikikosea, nani aitwe barazani?

Mwaka 2013 barabara za Kinshasa zilipata askari wa aina mpya: roboti wa alumini, mrefu wa karibu mita mbili na nusu, anayetumia umeme wa jua, anayegeuza kifua na kuinua mikono yenye taa nyekundu na kijani. Hakuagizwa kutoka ng'ambo. Aliundwa na kikundi cha mhandisi Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi. Mwaka 2015 waliongezwa watatu, nao wakapewa majina kama watoto wa ukoo: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Kila mmoja aligharimu dola 27,500.

Madereva wengi waliwapokea vizuri, wala si kwa kupenda teknolojia. Roboti haombi madesu, yaani rushwa. Hakusimamishi ili akukague karatasi ambazo alizikagua asubuhi.

Kusema kweli, ukimwita roboti huyo mwenye akili umemkweza. Kwa kazi ya mikono yake ni taa za barabarani zilizopewa kiwiliwili. Lakini aliwekewa kamera, na picha zake zilipelekwa kwenye kituo cha polisi. Hapo ndipo suala la maadili linapoanza. Picha hizo anazitunza nani, na kwa muda gani? Mwendesha pikipiki akihesabiwa kosa ambalo hakulitenda, aende kumlalamikia nani? Askari wa kawaida, hata akiwa mla rushwa, ana jina, ana mkubwa wake, na anaweza kubishaniwa palepale mbele ya watu. Mashine haibishaniwi.

Kanuni hazikosekani. Novemba 2021 nchi 193 wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la maadili ya akili mnemba, ambalo moja ya nguzo zake ni kwamba dhamana ya mwisho ibaki kwa binadamu. Kongo nayo ilipata Sheria ya Kidijitali tarehe 13 Machi 2023, yenye vifungu vya kulinda taarifa binafsi. Ila kanuni za namna hii humtazama zaidi mtu anayetumiwa mashine. Walioitengeneza wanasahaulika, na wengi wao wako karibu nasi.

Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vijana wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maelezo ya mauaji na unyanyasaji wa watoto, ili ChatGPT ifundishwe kuyatambua na kuyaepuka. Adabu ya mashine hiyo ilinunuliwa kwa usingizi wa watu hao.

Kabla ya Nairobi kuna Maniema, mashariki ya Kongo. Karibu nusu ya bati yote duniani huishia kwenye lehemu, ile inayoshikiza vipande vya elektroniki kwenye ubao wake. Simu, kompyuta na roboti havifanyi kazi bila hiyo. Na Maniema ni mkoa wa bati tangu enzi za Wabelgiji: Kalima, Kailo, Punia. Mtu wa Kindu au Obokote, mkoani humo, anayeambiwa kwamba akili mnemba ni jambo la Marekani ana haki ya kucheka.

Mkoa huu umekwisha kuonja uamuzi uliotolewa mbali. Julai 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani zake. Mashariki ya Kongo watu wakaiita Sheria ya Obama. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Lengo lilikuwa kuwanyima pesa wenye bunduki. Amri ilikuwa moja kwa mikoa yote mitatu, ingawa vita havikuwa na uzito mmoja kotekote. Hata ilipoondolewa, wanunuzi wengi walikuwa wameogopa, na familia zilizolipia ada za shule kwa bati ziliachwa mikono mitupu.

Desemba 2024 mawakili wa serikali ya Kongo walipeleka malalamiko ya jinai Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya matawi ya Apple, wakidai kwamba madini yaliyoporwa yanaingia katika bidhaa zake. Kampuni ilikana, ikaongeza kwamba imekwisha kuwaagiza wanaoiuzia waache kununua bati, tantali, tungsteni na dhahabu kutoka Kongo na Rwanda. Ukiwa Paris au Brussels, jibu hilo linasikika kama usafi wa mikono. Kwa mchimbaji wa Kalima halitofautiani sana na amri ya 2010: mnunuzi anaondoka, bila kutenganisha shimo lenye watu wa bunduki na lisilo nao.